Kisiwani Hadi Milimani: Kulinda Akiba Yako Katika Safari ya Mji Mkongwe na Usambara

(Mada iliyotolewa kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa)



Tunawashukuru kwa kutupa nafasi ya kuzungumza nanyi kabla hamjafanya malipo yoyote. Mara nyingi mlaji huja ofisini kwetu akiwa na malalamiko mkononi, fedha zimekwishatoka na siku za likizo zimekwishapita. Leo tumekutana mapema, na kwa hiyo mazungumzo yetu yanaweza kuwa na faida kubwa zaidi.

Zamani likizo ya wengi wetu ilikuwa kwenda kijijini kuwaona wazazi. Desturi hiyo njema ingalipo, na isipotee. Hata hivyo, siku hizi vikundi vingi vinapomaliza mzunguko na kugawana hisa hutenga fungu kwa ajili ya safari ya pamoja. Wanachama wanataka kuiona nchi yao: wapite katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisha wapande milima ya Usambara, walale kijijini, watembee msituni na kuitazama nyika kutoka juu ya majabali. Safari ya namna hii, yenye mji wa kale upande mmoja na milima upande wa pili, ni safari nzuri mno. Ni safari pia ambayo mlaji asiye mwangalifu hupoteza fedha kwa urahisi, na tungependa kueleza kwa nini.

Ukienda mahali pamoja tu, hoteli moja na gari moja vinaweza kukutosha. Ukiunganisha kisiwa na mlima, unanunua huduma za watu wengi: mwenye boti, mwenye basi, mwenye nyumba ya wageni mjini, mwongoza watalii mjini, mwongoza watalii mlimani, mpishi wa kijijini, na mamlaka inayosimamia msitu. Kila mmoja wao anaweza kuifanya kazi yake vizuri, na safari ikaharibika bado, kwa sababu hakuna aliyekubali kubeba dhamana ya kile kipande kilicho kati ya huduma moja na nyingine. Boti ikichelewa, basi halingoji. Basi likikosekana, chumba cha mlimani kinabaki kitupu na fedha yake haitarudi. Basi, neno letu kuu leo ni hili: kabla ya kulipa, jua ni nani anayewajibika katika viungo vya safari yako, na jambo hilo liandikwe.

Mnachokinunua mjini

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Thamani yake haimo katika jengo moja. Imo katika mji mzima: milango ya kuchonga, baraza za mawe, misikiti, Ngome Kongwe, soko la Darajani, bustani ya Forodhani, na kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa mwaka 1873. Mtu anayeupitia mji huu bila mwongozaji mwenye maarifa atarudi na picha nyingi na habari chache.

Kwa hiyo mnaponunua matembezi ya mjini, ulizeni mambo mawili. La kwanza, ni nani atakayewaongoza. Waongoza watalii wanaotambuliwa Zanzibar hubeba kitambulisho cha kazi, kiombeni mkione. Bandarini na vichochoroni mtakutana pia na mapapasi, watu wanaojipa kazi ya kuongoza wageni. Baadhi yao ni wakarimu, lakini likitokea jambo, hakuna ofisi itakayowajibika kwa ajili yao. La pili, ulizeni mtaingia wapi na mtapita nje ya wapi. Katika matangazo, maneno “kutembelea jengo” yanaweza kuwa na maana ya kuingia ndani au kulitazama kutoka barabarani.

Hapa upo mfano ulio wazi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ndilo jengo linalopamba matangazo mengi ya Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Tangazo linaloendelea kuwaahidi watu kuingia katika jengo lililofungwa ni tangazo la kupotosha, hata kama picha yake ilipigwa kweli mahali hapo. Msinunue kwa picha. Ulizeni hali ya jengo kwa tarehe yenu ya safari, na jibu lije kwa maandishi.

Mnachokinunua milimani

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, milima ya kale yenye misitu ambayo ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Lile ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu katika nyumba za Ulaya na Marekani, na ambalo wengi huliita urujuani wa Afrika, lilipelekwa Ujerumani kutoka milima hii katika miaka ya 1890. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400. Kutoka hapo msafiri anaweza kutembea saa chache hadi Irente na kuiona nyika ya chini, anaweza kuingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, au anaweza kwenda kwa miguu siku tatu au nne kupitia vijiji, akilala Rangwi na kufikia Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima.

Tafadhali zitofautisheni safari hizi. Matembezi ya Irente mtu mwenye afya ya kawaida huyaweza. Matembezi ya siku nne yanadai viatu vilivyozoeana na miguu, nguo za baridi, na mwili uliojiandaa. Kampuni inayouza safari ya Mtae kwa kila mtu bila kuuliza umri, afya wala mazoea ya kutembea, haijafanya kazi yake. Nanyi msifiche: mwenye pumu, shinikizo la damu au goti bovu aseme mapema, apangiwe gari katika vipande vigumu, na bei ya gari hilo ijulikane kabla ya kuondoka.

Kuhusu ada, kuna jambo linalowasaidia sana walaji. Hifadhi za mazingira asilia zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, na malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwongozaji akisema amewalipia ada ya kuingia msituni, mna haki ya kumwomba stakabadhi yake. Asiyeweza kuionyesha huenda hajalipa, na nyinyi ndio mtakaosimamishwa njiani.

Majira ya safari

Wengi hupanga tarehe kwa kufuata likizo ya shule au mgawo wa hisa. Hilo linaeleweka, lakini kisiwa na mlima havina majira mamoja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Usambara huwa matope, na barabara zinazopanda milima zinaweza kupata maporomoko ya udongo. Mvua za vuli nazo huja kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Juni milima hukauka na kutembea huwa kuzuri, ingawa baridi ya usiku huwashangaza wageni kutoka pwani. Lakini miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kusi, upepo unaoichafua bahari. Mwezi unaoufaa mlima, basi, ndio mwezi ambao safari ya boti inaweza kuahirishwa. Januari na Februari hali ya hewa huwa nzuri kwa pande zote mbili, lakini Februari Mji Mkongwe hupokea wageni wa tamasha la Sauti za Busara, vyumba huadimika na bei hupanda.

Angalieni pia kalenda ya Kiislamu. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Zanzibar hufungwa mchana, na si adabu kula hadharani. Kikundi kilicholipia chakula cha mchana mjini kwa siku tatu kiulize mapema kitalishwa wapi.

Siku ya kuvuka

Sasa tufike kwenye kiungo chenyewe. Chukueni ratiba ambayo mnaweza kuuziwa kwa maneno matamu: “Asubuhi Unguja, jioni Lushoto.” Tuihesabu pamoja. Boti inaondoka Unguja saa 1 asubuhi. Boti iendayo kasi huchukua kama saa mbili, kwa hiyo mtafika bandari ya Dar es Salaam saa 3. Mtachukua mizigo na kutafuta usafiri wa kwenda Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini, kupitia foleni za jiji. Mkifika saa 5 mshukuru. Kutoka hapo kuna zaidi ya kilomita 300 kufika Mombo, njia ya Chalinze na Segera. Kutoka Mombo ndipo inapoanza barabara ya kupanda, takribani kilomita 33 zenye kona nyingi, kupitia Soni hadi Lushoto. Hata pasipotokea hitilafu yoyote, mtazipanda kona hizo usiku, mmechoka, na dereva naye amechoka. Boti ikichelewa saa mbili tu, ratiba yote imekufa.

Ratiba kama hiyo imepangwa kwa ajili ya bei. Usiku mmoja umeondolewa ili tangazo lionekane rahisi, na gharama ya usiku huo imehamishiwa kwenye usalama wenu. Tunashauri moja ya mambo mawili. Ama mlale Dar es Salaam baada ya kuvuka na mwondoke alfajiri, ama mbadilishe mpangilio: mwanze na milima, mrudi Dar es Salaam, mpumzike, kisha mvuke bahari. Kikundi cha wakazi wa Dar es Salaam kitafaidika zaidi na mpangilio wa pili, kwa kuwa usiku wa katikati kila mtu atalala nyumbani kwake bila gharama. Katika mpangilio wowote, tengeni siku moja isiyo na shughuli iliyolipiwa. Upepo ukivuma, siku hiyo itawaokoa, usipovuma, mtapumzika.

Kuhusu bahari tuseme wazi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka. Familia nyingi bado zinayabeba majonzi ya siku hizo. Tunayakumbusha kwa sababu yapo mambo ambayo abiria anaweza kuyafanya. Nunua tiketi katika ofisi ya mwenye chombo au kwa wakala wake anayetambuliwa, wala si kwa mpigadebe wa getini. Hakikisha jina lako halisi limeandikwa, maana ndilo linaloingia katika orodha ya abiria. Anayesafiri kwa jina la mtu mwingine hata kumtafuta ni shida. Jaketi la kujiokolea lilipo ulione kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukiona abiria wamejaa kupita kiasi, shuka. Nahodha au mamlaka ikiahirisha safari kwa sababu ya upepo, usimshinikize mtu yeyote akutafutie jahazi la mizigo au boti isiyoruhusiwa kubeba abiria.

Nchi moja, leseni mbili

Jambo ambalo walaji wengi hawalijui ni kwamba utalii si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na kampuni za utalii hupewa leseni ambayo wengi wanaiita TALA. Zanzibar ina sheria zake, na msimamizi ni Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Hivyo kampuni yenye leseni halali ya Bara haipati kwa leseni hiyo ruhusa ya kuendesha shughuli za utalii Zanzibar. Na ya Zanzibar vivyo hivyo kwa Bara.

Kampuni inayowauzia safari nzima inatakiwa ama iwe na leseni pande zote mbili, ama ishirikiane na kampuni iliyo na leseni upande wa pili. Ushirikiano wa namna hiyo ni wa kawaida na hauna ubaya. Ubaya ni kufichwa. Ombeni jina la kampuni ya upande wa pili na nakala ya leseni yake, na mwangalie tarehe ya mwisho ya leseni hiyo. Kisha ulizeni swali hili moja: “Upande wa pili ukishindwa kutuhudumia, nani atatulipa?” Kampuni makini itajibu kwamba ni yenyewe iliyopokea fedha zenu, na itakubali kuliandika jibu hilo. Kampuni inayoanza kuzungukazunguka imekwishawajibu.

Bei iliyojumuisha “kila kitu”

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe ili hesabu ieleweke. Kikundi cha watu 12 kimepata bei mbili. Kampuni ya kwanza inadai shilingi 450,000 kwa mtu na kusema imejumuisha kila kitu. Ya pili inadai shilingi 520,000 na imeorodhesha kila huduma. Wanachama wanaielekea ya kwanza. Mweka hazina anauliza zaidi na kugundua kwamba “kila kitu” hakina usafiri kutoka bandarini hadi kituo cha basi, shilingi 15,000. Hakina chakula cha siku mbili za njiani, shilingi 40,000. Wala hakina ada ya hifadhi na malipo ya mwongozaji wa kijiji, shilingi 45,000. Bei ya kwanza imekuwa shilingi 550,000, na imeipita ya pili kwa shilingi 30,000 kwa kila mtu. Kwa watu 12 tofauti hiyo ni shilingi 360,000.

Dawa yake ni orodha. Ombeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaojibu maswali haya:

1. Tunalala wapi kila usiku, kwa jina la nyumba, na watu wangapi katika chumba kimoja?
2. Tunasafiri kwa chombo gani katika kila kipande, na nani anatupokea tunapofika?
3. Ni milo mingapi, na ipi, iliyomo ndani ya bei?
4. Ni ada zipi zimelipwa, na stakabadhi tutaziona lini?
5. Boti au barabara ikifungwa kwa sababu ya hali ya hewa, nani analipia usiku wa ziada?
6. Mwanachama mmoja akiugua na kujitoa, anarejeshewa kiasi gani, na mwisho wa kujitoa ni siku gani?
7. Kampuni ikiahirisha safari, fedha zote zinarudi ndani ya siku ngapi?
8. Namba ya simu ya mtu anayewajibika, inayopatikana usiku na mchana, ni ipi?

Swali la tano na la sita ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi, nayo huleta ugomvi hata ndani ya kikundi chenyewe. Kubalianeni mapema, na katibu aandike katika muhtasari wa kikao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna ya kulipa

Msilipe fedha zote kwa mkupuo. Malipo ya awali yatoshe kushika nafasi tu. Sehemu ya pili ilipwe mkiisha kuona tiketi na uthibitisho wa vyumba. Na sehemu ya mwisho mbaki nayo hadi sehemu ya kwanza ya safari imekamilika. Kampuni nyingi hudai kulipwa zote kabla ya siku ya kuondoka, na zina sababu zake, kwa kuwa nazo hulipa hoteli mapema. Lakini bei na masharti vinazungumzika, hasa kwa kikundi. Ombeni.

Mlipe kwa akaunti ya benki au kwa namba ya malipo ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu itawaonyesha jina la mpokeaji. Likiwa ni jina la mtu binafsi na si la kampuni, sitisheni. Mkipokea ujumbe kwamba akaunti imebadilika na fedha zitumwe kwenye namba nyingine, msitume. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, au mwende ofisini. Kila malipo yafuatiwe na risiti ya kielektroniki. Risiti hiyo ni haki yenu kisheria, nayo ndiyo ushahidi wa kwanza tutakaouomba mkija kwetu.

Kwa upande wa basi, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayosimamia nauli za mabasi ya abiria. Linganisheni nauli iliyoandikwa kwenye mchanganuo wa kampuni na nauli halali ya njia hiyo. Kampuni inaweza kudai ujira wake wa kuratibu, lakini uitwe kwa jina lake, usifichwe ndani ya nauli.

Tuongeze neno kuhusu bima. Kikundi kinachokusudia kutembea milimani na kuogelea baharini kiulize kampuni ya bima iliyosajiliwa na TIRA kuhusu bima ya ajali ya kikundi, na kisome vizuri shughuli zisizolindwa. Wenye kadi za bima ya afya waulize kabla ya kuondoka kama kadi zao zinapokelewa Zanzibar na katika hospitali iliyo karibu na wanakokwenda. Na mkiwa na ndugu au marafiki wa kigeni watakaowajia, waelezeni kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima yake ya lazima, na kwamba bima waliyokata kwao haichukui nafasi ya hiyo.

Mambo yakiharibika

Mnaweza kuzingatia yote tuliyoyasema na bado mkakuta chumba si kile mlicholipia. Hapo, kwanza, semeni papo hapo kwa heshima na kwa uwazi, na mwombe marekebisho. Malalamiko yaliyonyamaziwa siku nne na kutolewa mkirudi nyumbani ni magumu kuyathibitisha. Pili, pigeni picha, hifadhini ujumbe, andikeni saa na majina. Tatu, mkirudi, iandikieni kampuni barua fupi yenye dai lililo wazi: mlilipia nini, mlipata nini, mnataka nini, na mnatarajia jibu lini.

Msiporidhika, njia zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayotumika Tanzania Bara, inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2018 na tume yake. Malalamiko ya basi yapelekwe LATRA. Ya vyombo vya majini yapelekwe TASAC kwa upande wa Bara, na kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Mtu aliyepokea fedha kisha akatoweka ni suala la polisi, wala msingoje. Kama hamjui mlango upi ni wenu, njooni kwetu tuwaelekeze. Mlaji asizungushwe kati ya ofisi na ofisi kwa sababu tu safari yake ilivuka bahari.

Ndugu zetu, fedha mnazozizungumzia katika kikao hiki ziliwekwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na baadhi yenu mlijinyima ili mziweke. Mama aliyeuza vitumbua mwaka mzima ili aione Forodhani na kupanda Irente anastahili kuviona vyote viwili, na kurudi salama. Mkitoka hapa, tunawaomba mfanye jambo moja kabla ya kikao chenu kijacho: mteueni mwanachama mmoja ayabebe yale maswali manane, ayapeleke kwa kila kampuni inayotaka kuwauzia safari, na alete majibu yaliyoandikwa. Kisha ndipo mjadili bei.

Tunawatakia safari njema.